Magoti ya mama, machungwa ya Muheza na tiketi ya India

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 66, tunaishi Tanga mjini. Magoti yake yote mawili yamesagika, la kulia ndilo baya zaidi. Ana presha na sukari, dawa anameza. Mwezi wa pili tulimpeleka Dar es Salaam kwenye hospitali ya umma, daktari akaangalia eksirei akasema dawa yake ni kubadilishiwa magoti, akamwandika kwenye orodha. Miezi saba imepita. Tumepiga simu mara nne, jibu ni lile lile: subirini, mtapigiwa. Kaka yangu anafanya kazi Muscat, huko amekutana na wakala anayepeleka wagonjwa India. Bei aliyotupa ni dola 5,200 kwa goti moja au dola 9,000 kwa yote mawili, na anasema kila kitu kimo ndani. Kaka ana dola 4,000. Kilichobaki tunafikiria kuuza shamba la machungwa la marehemu baba huko Muheza. Wajomba hawataki kusikia, na mama usiku analia kwa maumivu. Twende India au tuendelee kusubiri? Na huko kusubiri hakutamharibu zaidi?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Mfikishie mama pole yangu. Goti lina tabia ya kungoja nyumba nzima ilale ndipo liamke, kwa hiyo unaposema analia usiku nakuelewa.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo ndilo linaloamua mengine. Ungeniandikia habari ya valvu ya moyo, uvimbe wa titi au mtoto ambaye kichwa kinajaa maji, nisingekuwa na maneno mengi. Kwa maradhi ya aina hiyo kila mwezi unaopita unamla mgonjwa, na familia ikihangaika usiku wa manane ina haki. Goti lililosagika halina haraka hiyo. Gegedu, yaani ule utando mgumu unaoteleza kwenye ncha za mifupa, limekwisha, na sasa mfupa unasugua mfupa. Likishafika hapo, miezi sita zaidi kwa kawaida haibadilishi upasuaji wenyewe. Kipandikizi ambacho angewekewa leo ndicho atakachowekewa mwakani.

Vinavyoharibika wakati wa kusubiri ni vya pembeni. Misuli ya paja inanyauka kwa sababu mama hatembei. Goti linazoea kukaa limepinda, mwishowe linagoma kunyooka. Uzito unapanda. Halafu figo, na hapa naomba unisikilize vizuri: mwanamke wa miaka 66 mwenye presha na sukari, anayemeza diklofenaki za dukani kila usiku, anaumiza figo zake polepole bila kujua. Nimewahi kumwahirishia mgonjwa upasuaji wa goti kwa sababu hiyo tu. Goti lilikuwa linamngoja, figo ndizo zilizokuwa zimechoka. Mwambie daktari wenu wa pale Bombo, hospitali ya mkoa, mama anameza nini na kwa muda gani, ampime figo, ampangie dawa ya maumivu inayoendana na hali yake.

Sasa tuje kwenye hiyo foleni.

Watu wengi wanaifikiria kama foleni ya benki: mbele yako wako arobaini, akitoka mmoja unasogea. Foleni ya upasuaji wa kupangwa haiendi hivyo. Asubuhi tunakuwa na majina matano ubaoni, mawili kati yao ya magoti. Saa nne gari la wagonjwa linaleta vijana wawili wa bodaboda, mmoja paja limevunjika vipande viwili na mfupa umetokeza nje. Huyo hawezi kungoja, mfupa ulio wazi una saa zake. Thieta moja inachukuliwa. Mchana analetwa mwingine. Saa tisa alasiri nakwenda wodini kumwambia bibi aliyekaa bila kula wala kunywa tangu usiku wa jana kwamba leo haiwezekani, mleteeni uji. Hakuna kitu kinachoniumiza katika kazi hii kama uso wa bibi yule. Na wiki inayofuata haanzi upya mbele ya wote, anaingizwa kwenye siku ambayo nayo inangoja bodaboda zake.

Juu ya hilo kuna kipandikizi chenyewe. Goti bandia si kitu kimoja kama betri ya gari. Huja kwa ukubwa mbalimbali, sehemu ya paja, sehemu ya mguu wa chini na kipande cha plastiki cha katikati, na lazima saizi kadhaa ziwepo mezani kabla hatujaanza kukata kwa sababu vipimo vya mwisho tunavichukua mfupa ukiwa wazi. Mzigo usipofika, daktari yupo, thieta ipo, mgonjwa yupo, na upasuaji haupo.

Kwa hiyo mtu akikwambia subiri, uliza: nasubiri nini? Swali hili huulizwa mara chache kuliko unavyodhani, na kwa simu halijibiwi, maana anayepokea simu mara nyingi si yule mwenye daftari. Mmoja wenu apande basi, aende siku ya kliniki akiwa na kadi ya mama, amwone muuguzi wa kliniki ya mifupa na aulize kwa utaratibu. Jina limo? Ni la tarehe gani? Kinachokosekana ni kipandikizi, ni malipo, ni kitanda, au ni majibu ya vipimo? Nasema hivi kwa sababu nimeona mara nyingi familia iko nyumbani inangoja simu ya hospitali, na hospitali imeweka faili pembeni inangoja familia ilete kipimo cha moyo au sukari ishuke. Pande zote mbili zinasubiriana mpaka mwaka unaisha. Kwa mama mwenye presha na sukari, ningeanza kushuku hapo.

Na kwa nini Dar tu? Kutoka Tanga hadi Moshi ni safari inayokaribiana na ya Dar, na pale KCMC ni hospitali ya rufaa ya kanda iliyoanza kazi mwaka 1971, yenye idara ya mifupa inayofundisha madaktari. Watu wa Tanga, sijui kwa nini, tukiumwa sote tunaelekeza uso Dar es Salaam. Hata Dar yenyewe haina mlango mmoja: iko Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, na iko Mloganzila, na mara kwa mara huitishwa kambi za kubadilisha nyonga na magoti ambapo wataalamu wa nje wanapasua pamoja na wa kwetu na majina mengi yanapungua kwa wiki moja. Tangazo la kambi hudumu siku chache. Aliye na vipimo kamili mkononi ndiye anayeingia, yule anayeanza kutafuta kipimo cha moyo siku tangazo limetoka anaachwa. Ulizeni pia huduma ya wagonjwa binafsi ndani ya hospitali hizo za umma. Unalipa zaidi, ila daktari ni yule yule na thieta ni ile ile. Bei yake iombeni kwa maandishi mkailinganishe na ya India kabla hamjagusa hati ya shamba. Bima kama mnayo, waulizeni inachangia kiasi gani, ila mjue Bima ya Taifa inalipia matibabu ya ndani ya nchi, na rufaa ya Serikali ya kwenda nje ni kwa maradhi yasiyotibika hapa. Goti linatibika hapa, kwa hiyo kwenye mlango huo msipoteze muda.

Baada ya hayo, India. Sitaki uelewe kwamba naibeza. Niliwahi kukaa miezi mitatu Chennai nikijifunza, na kuna asubuhi nilimwona daktari mmoja akimaliza magoti sita kabla ya chakula cha mchana, mikono haina papara, kila muuguzi anajua kifaa kinachofuata bila kuulizwa. Mkono unaofanya kazi hiyo kila siku huwa mwepesi, na upasuaji wa goti ni kazi ya mkono uliozoea. Bei yao ni ndogo kwa sababu zinazoeleweka. Wagonjwa ni wengi mno, kwa hiyo gharama ya mashine na thieta inagawanywa kwa watu wengi. Mishahara ni ya kwao. Na Agosti 2017 serikali yao iliweka ukomo wa bei ya vipandikizi vya magoti: aina inayotumika zaidi, ya kobalti na kromu, ikapangiwa rupia 54,720 kabla ya kodi, wakati awali wastani ulikuwa zaidi ya rupia 158,000. Ndiyo maana hata Waomani, ambao nchi yao ina hospitali nzuri, wengi wanapanda ndege kwenda huko, na ndiyo maana mawakala wamejaa Muscat. Kaka yako hakukutana naye kwa bahati.

Wakala naye si lazima awe tapeli. Wengi wanafanya kazi ya kweli: wanapokea watu uwanjani, wanatafsiri, wanawatafutia chumba. Lakini mjue kwamba kwa kawaida hulipwa kamisheni na hospitali anayowapeleka, kwa hiyo hospitali anayoisifu ni ile inayomlipa, na idadi ya magoti anayopendekeza ina uhusiano na mfuko wake. Hospitali kubwa za India zina idara za wagonjwa wa kimataifa. Waandikieni barua pepe wenyewe, mtume picha za eksirei zilizopigwa mama akiwa amesimama (za kulala hazionyeshi ukweli wa goti), orodha ya dawa zake na majibu ya sukari na moyo. Ombeni makadirio kutoka hospitali mbili au tatu, kila moja yakiwa na jina la daktari atakayepasua na jina la kampuni ya kipandikizi. Angalieni kama hospitali ina ithibati ya NABH, ambayo ni ya India yenyewe, au ya JCI ya kimataifa. Mkishaamua, fedha iende kwenye akaunti ya hospitali kwa njia ya benki. Wakala akikwambia tuma kwangu kwa jina langu, hapo ndipo muagane naye.

“Kila kitu kimo ndani.” Maneno haya nimeyasikia kwa wagonjwa wengi, na kila mara nikiuliza ndani ya nini, wananiangalia tu. Bei ya kifurushi huwa inahesabu siku fulani za kulazwa, pengine tano, kipandikizi cha aina fulani na dawa za kawaida. Mama akihitaji siku mbili za uangalizi maalumu kwa sababu presha imepanda, ni bili nyingine. Damu ikihitajika, nyingine. Sukari ikigoma kushuka na upasuaji ukasogezwa kwa wiki, mnalala hotelini kwa gharama zenu. Halafu kuna tiketi mbili, maana mama hawezi kwenda peke yake, viza mbili, chumba cha wiki tatu, chakula, teksi za kwenda kwenye mazoezi na kurudi.

Mimi nina hesabu yangu ya mkono. Chukua bei ya hospitali, ongeza theluthi moja ya safari na malazi, kisha ongeza theluthi nyingine ambayo inakaa benki haiguswi mpaka mgonjwa arudi nyumbani na kidonda kikauke. Kwa goti moja, dola 5,200 inakuwa kama 8,700. Kwa mawili, 9,000 inakuwa 15,000. Dola 4,000 za kaka hazifiki nusu hata ya hiyo ya kwanza. Kwa hiyo swali mlilojiuliza, kwamba kaka atoe chake na shamba lizibe pengo, si sahihi. Pengo ndilo kubwa. Shamba ndilo litakalolipa, na kaka ndiye atakayechangia.

Kuhusu magoti mawili kwa mpigo nina msimamo na sitauficha: kwa mama yako, hapana. Wapo wanaofanyiwa yote siku moja na wakatoka salama, mara nyingi ni watu wenye moyo imara na wasio na maradhi mengine. Kwa mwenye presha na sukari, kupasuliwa miguu yote kwa siku moja kunaongeza mzigo kwa moyo na mapafu na hatari ya damu kuganda, tena anabaki hana mguu mzima wa kuegemea anapojifunza kutembea. Lianze la kulia. Nimeshuhudia wagonjwa ambao goti baya likishapona, lile jingine linapata ahueni ya miaka kwa sababu halibebeshwi tena mzigo wa wawili.

Jambo ambalo naona limesahauliwa kabisa katika barua yako, na wala si kosa lako kwa sababu hakuna wakala analitaja, ni siku mama atakaporudi Tanga. Upasuaji wa goti unachukua saa moja na nusu, pengine mbili. Goti linatengenezwa katika wiki sita zinazofuata, na linatengenezwa kwa mazoezi yanayouma. Mgonjwa anatakiwa asimame kesho yake, na ndani ya wiki mbili hivi tunataka goti likunje kufika pembe mraba na linyooke sawasawa. Asiye na mtaalamu wa fiziotherapia wa kumsukuma anaogopa, anaacha mto chini ya goti ili lisiume, goti linakakamaa limepinda, na dola zote zile zimenunua goti jipya lenye ulemavu wa zamani. Kabla hamjakata tiketi, nendeni Bombo mkaulize nani atampokea, siku ngapi kwa wiki. Mkipata jina la mtu huyo, hilo ni muhimu kama jina la daktari wa India.

Kuna mzee mmoja alinijia, goti limevimba, jekundu, lina joto, na mahali pamoja kwenye kovu panatoka usaha kidogo. Alikuwa amebadilishiwa nje ya nchi miezi mitano nyuma. Nikamwomba karatasi zake. Akatoa kwenye mfuko wa plastiki muhtasari wa ukurasa mmoja, risiti, na picha aliyopiga na madaktari mlangoni. Ukurasa ule uliandika kwamba amebadilishiwa goti la kushoto na ameruhusiwa akiwa na hali nzuri. Kampuni gani, saizi gani, saruji ya mfupa ya aina gani, hakuna. Kipandikizi kikiingia vijidudu, mara nyingi lazima turudi ndani, tusafishe, tubadilishe angalau kile kipande cha plastiki, na kipande hicho lazima kiwe cha kampuni ile ile na saizi ile ile. Tulimwandikia daktari wake, tukangoja wiki mbili na nusu, mzee yuko wodini anachomwa dawa za mshipa. Wiki mbili na nusu kwa sababu ya stika.

Stika ninazosema ni hizi: kila kipande cha kipandikizi hutoka kiwandani na stika ndogo zenye jina, saizi na namba ya toleo. Muuguzi wa thieta huzibandika kwenye faili. Zimo zaidi ya moja, na hospitali ikiombwa hutoa seti ya mgonjwa, au walau nakala ya ukurasa huo. Iombeni kabla hamjalipa bili ya mwisho, mpige picha, kaka abaki nayo kwenye simu na wewe yako. Ombeni pia maelezo kamili ya upasuaji, eksirei za baada ya upasuaji na orodha ya dawa kwa majina ya kisayansi, kwa kuwa majina ya kibiashara ya India si lazima yajulikane kwenye duka la dawa la barabara ya kumi na mbili. Na wakati wa kuomba makadirio, waulizeni kwa maandishi: vijidudu vikiingia ndani ya mwaka mmoja, nani analipa nini? Jibu lao litakwambia mengi. Vijidudu hupata mgonjwa mmoja au wawili kwa kila mia, hata kwenye hospitali bora, kwa hiyo si jambo la kukutia hofu, ni jambo la kupangia.

Ndege nayo. Damu kuganda kwenye mshipa wa mguu ni hatari inayokuwa juu katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji, na kukaa saa nyingi kwenye kiti miguu ikining’inia kunaiongeza. Air Tanzania ilifungua njia ya Mumbai mwaka 2019, na ukipata safari ya moja kwa moja ni kama saa sita. Ukipitia Doha au Addis Ababa na kulala uwanjani, inakuwa kutwa nzima. Vifurushi vingi vinamrudisha mgonjwa baada ya wiki mbili. Mimi ningependa mama akae zaidi, na akipanda ndege awe na ruhusa ya maandishi ya daktari aliyempasua, dawa za kuzuia damu kuganda alizoandikiwa, kiti cha kando ya njia, ainuke kila saa. Akivimba mguu ghafla au akabanwa pumzi baada ya kufika, hilo si la kungoja asubuhi.

Viza isiwe ya utalii. India wana viza ya matibabu ya mtandaoni, inayoruhusu siku 60 na kuingia mara tatu, na wasaidizi hadi wawili hupata yao. Inahitaji barua ya hospitali ya India yenye nembo yao, na hospitali mliyoiandikia wenyewe itawatumia. Kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, msiiache kabatini.

Sasa nikuulize mambo ya nyumbani ambayo daktari wa Chennai hawezi kuyajua. Choo chenu ni cha kuchuchumaa? Goti bandia halipendi kuchuchumaa, na wagonjwa wengi hawafiki hapo tena. Jengeni cha kukaa kabla hajapasuliwa, au nunueni kile kiti chenye tundu kinachowekwa juu ya shimo, na fungeni chuma cha kushikia ukutani. Mama anaswali? Atalazimika kuswali kwenye kiti, pengine maisha yake yote. Kupiga goti juu ya goti bandia hakulivunji, lakini wengi wanashindwa kwa maumivu na ganzi ya ngozi mbele ya kovu. Nina mgonjwa, mama mtu mzima wa Pangani, goti lake lilipona vizuri sana nikajisifu, kumbe yeye alikuwa na huzuni kwa miezi kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba hatasujudu tena kwenye mswala wake. Tangu siku hiyo nalisema kabla ya kuzungumzia bei. Mwambieni mama sasa, aamue akijua.

Kuhusu shamba, mimi ni daktari wa mifupa, ya mirathi muulizeni anayejua, na kama shamba bado liko kwa jina la marehemu hata kuliuza hamtaliuza kwa haraka mnayodhani. Ila nitasema ninaloliona. Machungwa yale yanazaa kila msimu, na mama atahitaji chakula, dawa za presha, nauli za fiziotherapia na pengine goti la pili kwa miaka mingi ijayo. Goti bandia likiwekwa vizuri ni kitu cha kudumu. Kati ya magoti 10, zaidi ya 8 bado yako kazini baada ya miaka 25. Kwa hiyo mpango wa fedha uwe wa miaka hiyo, usiwe wa wiki tatu. Ningekuwa mjomba wako, ningekataa kuuza kwa sasa kama walivyokataa, lakini nisingeishia kukataa. Ningewapa miezi mitatu. Katika miezi hiyo mnakwenda Dar kuuliza faili linangoja nini, mnakwenda Moshi kupata maoni ya pili, mnapata bei ya huduma binafsi, na mnaandikia hospitali mbili za India moja kwa moja. Bei ya hospitali ya umma ikiwashinda, muoneni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kazi yake ni hiyo na watu wanaona haya kwenda kwake. Miezi mitatu ikiisha hamna tarehe hapa nchini, na kaka akawa ameongeza, na wajomba wakachanga badala ya kuuza, basi nendeni India kwa goti moja, la kulia, mkiwa na akiba. Hapo nitawaombea safari njema bila kinyongo.

Miezi hiyo mama asikae tu. Apime kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita. Ikiwa juu ya asilimia 8 wengi wetu hatupasui, iwe Dar au Mumbai, kwa sababu kidonda cha mwenye sukari ya juu kinakaribisha vijidudu. Nadhani hii peke yake inaweza kuwa siri ya simu isiyopigwa. Apungue uzito kidogo: kila kilo moja inayotoka mwilini inalipunguzia goti kama kilo nne katika kila hatua. Aangaliwe meno, jino bovu hupeleka vijidudu kwenye damu na damu huvipeleka kwenye chuma. Afanye zoezi hili asubuhi, mchana na jioni: akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mpaka uwe sambamba na sakafu, ahesabu hadi tano, ashushe polepole, mara kumi kila mguu. Na yule mtu wa kuchoma sindano kwenye goti, ambaye najua Tanga hakosekani, aambiwe asubiri. Sindano za steroidi ndani ya goti zikichomwa chini ya miezi mitatu kabla ya upasuaji zinaongeza hatari ya vijidudu, na daktari makini akijua mama amechomwa atamrudisha nyumbani.

La mwisho halina gharama. Mkongojo wa mama uko mkono gani? Watu wengi wanaushika upande wa goti linalouma, na unawasaidia nusu tu. Goti baya ni la kulia, mkongojo uende mkono wa kushoto, na utangulie pamoja na mguu wa kulia. Amwone mtu akimwonyesha mara mbili tatu hapo uani, kisha aende nao mpaka getini na kurudi.